Matangazo ya "mafuta ya magoti" yanawapotosha wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno juu ya magoti. Siku hizi ni vigumu kufungua redio au kuingia kwenye kundi la WhatsApp bila kukutana na tangazo la dawa ya "kurudisha mafuta ya magoti". Mgonjwa anaambiwa mafuta yamekauka, apumzishe goti, anywe dozi ya chupa kadhaa. Baadhi ya makala za afya magazetini nazo hurudia hayo hayo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na naandika kwa sababu ushauri huo unawakalisha watu vitini kipindi ambacho magoti yao yanahitaji mwendo kuliko wakati mwingine wowote.

Nianze na hayo mafuta. Kinacholainisha goti ni ute, na kiasi chake ni kidogo mno: goti la mtu mzima mwenye afya huwa na mililita 4 hivi au pungufu, hata kijiko cha chai hakijai. Utando laini ulio ndani ya kiungo huutengeneza na kuufyonza mchana na usiku. Goti linalosagika mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kawaida. Ndiyo yale "maji ya goti" ambayo daktari huyavuta kwa sindano, na yanaweza kujaza bomba la mililita 20 na kuzidi. Ute huo umeongezeka lakini umekuwa mwepesi, kwa sababu molekuli ndefu za asidi ya hayaluroniki zinazoupa mnato zimekatika. Anayeuza dawa ya kuongeza mafuta anaongeza kitu ambacho mgonjwa hajapungukiwa.

Kinachopungua ni gegedu, lile tabaka jeupe, gumu na linaloteleza lililovika ncha za mifupa. Unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 4, na nyuma ya pia ya goti unaweza kupita 5. Gegedu halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Lakini ni kitu hai. Ndani yake zimo seli za aina moja tu, kondrosaiti, ambazo hazifikii hata asilimia 5 ya ujazo wa gegedu la mtu mzima. Kila moja imekaa peke yake ndani ya kijumba chake, mbali na jirani yake, na karibu hazigawanyiki tena baada ya mtu kukoma kukua. Hizo chache ndizo zilizojenga kila kitu kilichomo humo, na ndizo zinazokitunza mpaka uzeeni.

Kazi yake ni hii. Kondrosaiti hutengeneza nyuzi za kolajeni ya aina ya pili, ambazo husukwa kuwa wavu usiokatika kirahisi. Ndani ya wavu huo hupachika molekuli kubwa ziitwazo agrekani, zilizojaa chaji hasi. Chaji hizo huvuta sodiamu, sodiamu huvuta maji, na gegedu linataka kuvimba lakini wavu unalizuia. Kwa hiyo muda wote lina shinikizo la ndani, na kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji. Unapokanyaga, maji hayo hayana pa kukimbilia haraka kwa sababu vinyweleo vya gegedu ni vidogo kupindukia. Yenyewe ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito katika zile sekunde za kwanza. Seli za tabaka la juu kabisa zina kazi ya ziada: hutoa lubrisini, protini inayoupaka uso wa gegedu na kuufanya uteleze. Kama kuna kitu goti linastahili kusifiwa kwacho, ni utelezi huo, na unatengenezwa na seli zenyewe.

Sasa seli zisizofikiwa na damu zinakula nini na kwa njia gani? Swali hili ndilo ningependa msomaji akae nalo, maana matibabu yote ya busara yanatoka hapo. Glukosi na oksijeni hutoka kwenye damu ya ule utando wa kiungo, huingia kwenye ute, kisha hupenya taratibu ndani ya gegedu. Oksijeni inayozifikia ni kidogo, asilimia 1 hadi 5 hivi kulingana na kina, na kondrosaiti zimezoea kuishi kwa kuvunja glukosi bila kuitegemea. Vitu vidogo kama glukosi husambaa vyenyewe, lakini molekuli kubwa, pamoja na takataka za seli, husogezwa zaidi na mwendo. Gegedu likibanwa maji hutoka kidogo. Likiachiwa maji hurudi yakiwa na ute mpya, kama dodoki linavyokamuliwa na kuachiwa ndani ya ndoo. Vipimo vya MRI vimeonyesha kwamba baada ya kuchuchumaa na kuinuka mara nyingi, gegedu la pia ya goti hupungua ujazo kwa karibu asilimia 6, na huchukua zaidi ya saa moja kurudi lilivyokuwa.

Mwendo si chakula tu. Ni amri pia. Kondrosaiti huhisi kubanwa kupitia vitundu maalumu kwenye ngozi yake. Ikibanwa na kuachiwa kwa kiasi, kama katika kutembea, huongeza utengenezaji wa agrekani. Ikibanwa bila kuachiwa kwa muda mrefu, hupunguza. Isipobanwa kabisa, hupunguza pia, na gegedu huwa jembamba. Hilo limeonekana wazi kwa watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, na kwa waliofungwa hogo kwa wiki kadhaa. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2017 ulikuta kusagika kwa nyonga na magoti kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa ajili ya afya, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia wanaokaa tu. Wakimbiaji wa mashindano makubwa walikuwa na asilimia 13.3. Kipimo cha kati ndicho kilichowafaa.

Ubaya unapoanza, huanza kimyakimya kwa sababu gegedu halina fahamu ya maumivu. Utando wa kiungo ukivimba, hutoa kemikali za uchochezi. Kondrosaiti zikizipokea huacha kujenga na kuanza kutoa vimeng'enya vinavyokata agrekani, kisha vingine vinavyokata kolajeni. Mwanzoni seli hujaribu kujiokoa: hugawanyika na kukaa makundi makundi kuzunguka nyufa, zikijenga kwa haraka. Hazifui dafu. Agrekani iliyopotea inaweza kutengenezwa upya, lakini wavu wa kolajeni ukishakatika haurudi. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walipima, ndani ya gegedu la watu, kaboni ya mionzi iliyoingia hewani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakakuta kwamba kolajeni ya gegedu la mtu mzima karibu haibadilishwi kabisa. Ile uliyojengewa ulipokuwa kijana ndiyo unayotembelea ukiwa na miaka 70. Daktari William Hunter wa London alikwisha kuandika mwaka 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi, na mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitika kulirudisha.

Maumivu yenyewe hutoka kwenye mfupa ulio chini ya gegedu, kwenye utando na kwenye misuli iliyolegea. Ndiyo maana picha ya X-ray na maumivu haviendi pamoja: wapo wenye picha mbaya wanaopanda mlima, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku. Goti kulia "ko ko ko" bila maumivu wala uvimbe si ugonjwa. Tafadhali wahariri wa afya mlisisitize hili, maana wengi huacha kutembea kwa sababu ya mlio tu.

Uzito una hesabu yake. Kutembea kwenye tambarare huliwekea goti mzigo wa karibu mara 2.5 ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi, karibu mara 3.5. Mtu wa kilo 80 akishuka ngazi, goti lake linapokea kilo 280 hivi kila hatua. Akipunguza kilo 1 tu, hupunguza kilo kadhaa za mzigo kwa kila hatua anayotembea. Na mafuta ya mwilini, haya ya kweli, hutoa kemikali za uchochezi zinazosafiri kwa damu. Ndiyo sababu watu wanene husagika hata vidole vya mikono, ambavyo havibebi mwili. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa wanene wa magoti kwa miezi 18: waliounganisha mlo na mazoezi walipunguza karibu asilimia 11 ya uzito wao, na maumivu yao yakashuka kwa takribani nusu. Sijaona chupa yoyote barabarani yenye matokeo hayo.

Mazoezi ninayoyataja ni haya, na mtu anaweza kuyaanza leo. Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani. Kaa mbele ya kiti, nyayo zote chini, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Inama mbele kutokea nyonga, simama kwa hesabu ya mbili, keti taratibu kwa hesabu ya nne. Rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, kisha fanya seti ya pili na ya tatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, ukiacha siku moja katikati. Makosa ninayoyaona sana ni mawili. La kwanza, kujitupa kitini: kule kushuka polepole ndiko kunakoimarisha misuli ya mbele ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayopokea mshtuko kabla haujafika kwenye gegedu. La pili, magoti kuingia ndani yakikaribiana. Yaelekeze kwenye kidole cha kati cha mguu. Anayeshindwa kuinuka aongeze mto mgumu kitini, aupunguze wiki hadi wiki. Anayeona ni rahisi abebe mfuko wa mchele wa kilo 2, au ahamie kupanda na kushuka ngazi moja yenye kimo cha sentimita 10 hadi 15. Kwa ambaye goti limevimba sana, aanze kitandani: taulo lililokunjwa chini ya goti, alikandamize kwa sekunde 5, aachie, mara 10, asubuhi na jioni.

Kutembea nako kuanze na dakika 10 mara mbili kwa siku, kisha ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 30. Baiskeli ni nzuri sana ikiwa kiti kimepandishwa kiasi kwamba goti linakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Kikiwa chini mno, pia ya goti inabanwa bure.

Je, likiuma? Pima maumivu kwa sifuri hadi kumi. Kufika 5 wakati wa zoezi kunakubalika, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa kabla ya zoezi. Kama goti limeamka limevimba au linauma zaidi, punguza idadi au kina kwa nusu. Usiache. Kuacha ndiyo kosa kubwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu. Mpango wa GLA:D ulioanzia Denmark mwaka 2013 hufuata njia hiyo hiyo: vipindi viwili vya elimu na vipindi 12 vya mazoezi ndani ya wiki 6.

Kukaa chini kwenye jamvi, kuchuchumaa chooni, kupiga magoti kanisani au kusujudu hakumharibii mwenye goti zima. Kwa ambaye goti limekwisha kusagika, kukunja mpaka mwisho kwa muda mrefu humbana mno nyuma ya pia ya goti. Aswali kwa kiti, na nyumbani awekewe kiti cha choo. Mama anayemenya viazi au anayekaanga vitumbua akiwa kwenye kigoda cha chini saa nzima, ainuke kila baada ya dakika 20 apige hatua chache. Gegedu linahitaji kuachiwa kama linavyohitaji kubanwa.

Supu ya makongoro haina ubaya, ni chakula. Lakini kolajeni yake humeng'enywa tumboni kama nyama nyingine, na hakuna njia inayoipeleka nzima mpaka gotini. Glukosamini inayouzwa ghali kwenye maduka ya dawa ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, miligramu 1,500 kwa siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuonyesha tofauti ya maana na kidonge kisicho na dawa kwa wagonjwa kwa ujumla. Linaloniogopesha zaidi ni dawa za "asili" zinazoondoa maumivu ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu kirutubisho cha viungo kiitwacho Artri King baada ya kukuta kina diclofenac, dawa ya maumivu, na dexamethasone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Diclofenac ikinywewa kwa miezi inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Dexamethasone hupandisha sukari na presha, na mtu akiiacha ghafla anaweza kuzimia. Jeli ya diclofenac ya kupaka gotini ni salama zaidi, na kwa wengi inatosha kuwawezesha kufanya mazoezi.

Sindano ya steroidi gotini ina mahali pake, goti likiwa limevimba na kuwaka. Tatizo ni kuizoea. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwachoma wagonjwa miligramu 40 za triamcinolone, steroidi mojawapo, kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili: gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Mgonjwa akiambiwa arudi kila baada ya miezi mitatu bila mwisho, aulize kwa nini.

Kuna hali mbili ambazo hazisubiri zoezi wala barua. Ya kwanza ni ajali, na kwa jinsi bodaboda zinavyotuumizia vijana, wengi wa wagonjwa wa magoti wa miaka ijayo wako barabarani leo. Kishindo kikali huua kondrosaiti zilizo kando ya ufa papo hapo, na nyingine huendelea kufa siku zinazofuata. Damu iliyojaa ndani ya kiungo nayo ni sumu kwa seli zilizobaki. Mtu aliyechanika kano ya msalaba ya goti ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu kuonyesha dalili za kusagika kwenye picha ndani ya miaka 10 hadi 20. Goti lililojaa ndani ya saa chache baada ya ajali lina damu mpaka ithibitike vingine: barafu, bandeji, gongo, na hospitali siku hiyo hiyo. Likichuliwa kwa mafuta ya moto, linavuja zaidi.

Ya pili ni usaha. Mtoto mwenye homa, kiungo kimoja cha moto kilichovimba, aliyekataa kukanyaga au kusogezwa mguu, ni wa dharura. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi, pamoja na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu, huanza kuyeyusha agrekani ndani ya saa chache, na siku chache zinatosha kumwachia ulemavu wa maisha. Watoto wenye selimundu wako hatarini zaidi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Kiungo kivutwe usaha kwa sindano kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki ikiwezekana, ili mdudu atambulike maabara, kisha kisafishwe chumba cha upasuaji. Kumpa mtoto huyo dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani "aangaliwe" ni kumpotezea kiungo hicho.

Wasomaji huuliza kama seli hizi zinaweza kupandwa. Zinaweza, kwa masharti. Göteborg, Sweden, mgonjwa wa kwanza alipandikizwa mwaka 1987, na matokeo ya wagonjwa 23 yakachapishwa mwaka 1994 na Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao. Kipande kidogo cha gegedu hukatwa ukingoni mwa goti pasipobeba uzito, seli hutenganishwa kwa kimeng'enya, hukuzwa maabara kwa wiki kadhaa mpaka zifike mamilioni, kisha hurudishwa kwenye shimo na kufunikwa. Ugumu ni kwamba kondrosaiti ikikuzwa imelala bapa kwenye sahani husahau kazi yake. Hujinyoosha na kuanza kutoa kolajeni ya aina ya kwanza, ile ya makovu. Na tiba hiyo ni ya kijana mwenye shimo moja la ajali, si ya mzee ambaye goti lote limesagika. Huyo, mazoezi na kupunguza uzito vikishindwa kweli, hubadilishiwa goti, upasuaji unaofanyika hapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Dawati la matangazo lisipokee tangazo la dawa ya magoti kabla ya kuona namba ya usajili ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa dawa za asili, na lipige simu kuihakiki. Na dawati la afya likiandika tena juu ya magoti, lichapishe lile zoezi la kiti, pamoja na picha.

Wako,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga